Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwani na Sisi Watu wa Ziwani

Ndugu wanachama, mama zetu, dada zetu na vijana, asalamu alekumu.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Zimekaguliwa na ziko sawa. Mimi nataka kuuzungumzia mwani wenyewe, maana mwaka huu kila tulipopanga sabuni zetu za mwani sokoni, Kampala hadi Jinja, tuliulizwa: "Mmetuletea gugu maji jingine?"

Wana haki ya kuuliza. Tangu gugu maji lienee Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, wavuvi wetu wameteseka. Wajibuni kwamba mwani wetu wa Zanzibar huota maji ya chumvi, hutufikia umekaushwa, na ziwani hauwezi kuishi.

Lakini chakula cha mwani na cha gugu maji ni kimoja: naitrojeni na fosforasi zinazosombwa na mvua kutoka mashambani na mitaroni. Tofauti iko kwenye mavuno. Wakulima wa Paje na Jambiani hufunga mbegu kwenye kamba maji yakipwa, na baada ya wiki sita hivi huvuna, bila mbolea wala kumwagilia. Kila gunia linaloondoka baharini huondoka na sehemu ya uchafu huo. Wengi wao ni wanawake, na joto la bahari linawaulia kotonii, ile aina yenye bei nzuri. Nawaombeni tusiwabane bei.

Matumizi yake ni mengi kuliko sabuni. Karagini, ute unaotolewa kwenye mwani, hushikanisha dawa ya meno. Agari, ute mwingine wa mwani unaoganda, ndiyo maabara huoteshea bakteria tangu miaka ya 1880, kwa hiyo mgonjwa aliyepimwa hospitali ya Mulago huenda amehudumiwa na mwani bila kujua. Iodini iligunduliwa 1811 katika majivu ya mwani. Leo iko kwenye chumvi tunayopikia, ikitukinga na rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo. Hata hivyo, kamati imekataza lebo zinazodai kuponya. Iodini ikizidi hudhuru, na mwenye ugonjwa wa tezi hiyo amwone daktari kabla ya kula unga wa mwani.

Hapa kwetu kazi ya kuchuja maji hufanywa na mafunjo, kama yale ya kinamasi cha Nakivubo yanayopokea maji machafu ya Kampala kabla hayajafika ziwani, na inaniuma kuona yakifukiwa. Kamati inapendekeza vikapu vya sabuni tuvinunue kwa wasusi wanaokata mafunjo bila kung'oa mizizi. Tutapiga kura baada ya mweka hazina.