Shukrani kwa nesi wa kliniki ya macho

Dada nesi uliyekuwa zamu asubuhi ile, jina lako sikulichukua. Mama alikuwa kwenye foleni, kope ya jicho la kushoto imemwangukia, kila mtu anamwona wawili. Sisi tulidhani ni mtoto wa jicho. Wewe ulimmulika kwa tochi, ukaona mboni imetanuka na haisinyai, ukamsukuma mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu, mbio, hadi dharura. Kumbe mshipa wa damu ubongoni ulikuwa umevimba kama puto, unakandamiza neva ya jicho. Walimfungua fuvu, wakaubana uvimbe kwenye shina lake kwa kibanio kidogo cha titani, kabla haujapasuka. Jana mama alitunga uzi kwenye sindano, peke yake. Ahsante sana, dada. Mungu akuzidishie.