Rupia ya bibi si chuma chakavu

Mhariri,

Sonara mmoja hapa Dodoma alitaka kuyeyusha rupia ya fedha niliyoachiwa na bibi, eti anitengenezee pete. Nilikataa. Ni ya mwaka 1890, ina sura ya Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani na tai ametua juu ya kofia yake ya chuma. Hata mchungaji wa Ugogo asiyejua kusoma angeelewa nani anadai kutawala.

Masultani wa Kilwa walitangulia kwa karne nyingi. Visarafu vyao vya shaba vina jina la sultani kwa Kiarabu upande mmoja, sifa za Mungu upande wa pili, na pande hizo zinakwenda kwa vina. Shairi mfukoni!

Wenye sarafu kuukuu, waonyesheni wajukuu kabla hamjamfikia sonara.

Msomaji,
Dodoma