Barua kwa mwanangu: kabla hujaipakia picha kwenye basi

Temeke, Dar es Salaam

Mwanangu,

Salamu tulishapeana kwenye simu, kwa hiyo naanza na lililoninyima usingizi. Mama yako kaniambia kuna mtu wa Nairobi ameipenda ile picha uliyomchora mjukuu wangu, na kwamba maonyesho yakiisha huenda usirudi nayo. Sawa. Dada yako wa Dodoma, mama yake mtoto, umemwambia?

Siulizi kwa sababu picha ni mbaya. Ingekuwa mbaya ungeiuza, tungekula kuku, yakaisha. Shida ni kwamba yule pale ni yeye hasa. Ulipoondoka Jumapili niliigeuzia dirishani nikaitazama mpaka mama yako akaanza kunitafuta. Mimi nimezeekea kwenye vibao vya maduka na migongo ya daladala, rangi naijua, na ngozi ile hukuitoa kwenye kopo. Wengi wakichora mtu mweusi huchukua kahawia wakaitia nyeusi, sura ikawa kama sufuria iliyopikiwa kuni. Wewe nyeusi hukuigusa. Kwenye paji la uso, pale mwanga wa mlangoni unapompiga, kuna bluu kabisa. Chini ya kidevu kuna wekundu uliopanda kutoka kwenye kanga aliyojifunga. Na lile sikio lenye jua nyuma yake umeliacha liwake mpaka mtu anaona kuna damu ndani. Hilo sikukufundisha mimi.

Tena hukumzeesha. Watu huweka macho ya mtoto katikati ya kichwa kama ya mtu mzima, anatokea mzee mfupi. Yake umeyashusha chini ya nusu, paji likabaki pana, kama alivyo. Pengo la meno ya mbele limo. Soksi moja imeshuka. Kigoda ni kile kile cha mama yako, hata ufa wake umo. Mimi ndiye niliyekuwa nambembeleza akae, nampa ubuyu kila akitaka kunyanyuka, kwa hiyo usije ukaniambia mbona baba nawe hukumwambia mama yake. Mimi sikuwa nauza.

Mkono wa ubuyu, lakini. Vidole umevipitisha haraka. Sijui ulichoka au umeme ulikatika, ila jicho likifika pale linajikwaa. Viangalie.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenionyesha kwenye simu yule binti wa mfalme wa Hispania, Margarita, aliyechorwa na Velázquez mwaka 1656, ile picha kubwa iliyoko Madrid. Ukanieleza, huku umefurahi, kwamba picha zake nyingine zilipelekwa Vienna kwa mjomba wake Leopold, aliyekuja kumwoa, ili aone binti anavyokua. Ulitaka nione jinsi hariri ilivyotokea kwa mipigo michache ya brashi. Niliiona. Lakini kilichonikaa moyoni ni mtoto wa miaka mitano ambaye sura yake ilitangulia kwa watu, ikatundikwa, wakaitazama wanavyotaka. Alikufa mwaka 1673, ana miaka 21. Simfananishi mnunuzi wako na Leopold, huenda ni mtu mwema kuliko mimi. Nasema mama wa mtoto aulizwe.

Utaniambia kazi ni kazi, hata marehemu Tingatinga, yule mchoraji wa wanyama, aliuza zake kule Oysterbay. Aliuza, ndiyo. Tembo na ndege hawana mama Dodoma.

Na dada yako si mtu wa mbali. Mimi nilipokuwa nasema maneno yangu kuhusu uhasibu ulioacha, yeye alikuwa ananunua tyubu zako za rangi. Nakukumbusha kwa sababu sikusikii ukimtaja. Sifa zote unazopewa siku hizi zinanifurahisha, watu mtaani wananiita baba wa mchoraji, lakini sifa zisikufanye ufike kwa ndugu yako na habari iliyokwisha. Anaweza kukubali. Anaweza akasema uza, nigawie. Aseme mwenyewe.

Safari sasa. Usidanganyike ukiigusa kwa kidole ukaona kavu. Rangi yetu ya makopo, ile waliyoanza nayo kina Tingatinga juu ya hadibodi, unaipaka jioni na asubuhi unaibeba. Hii yako ya mafuta ya kitani haikauki kama maji, inavuta hewa na kugandamana polepole, na pale kwenye kola ulipoweka nyeupe nene ndani bado ni mbichi. Joto la buti la basi kutoka hapa mpaka Namanga litailainisha. Usiilaze nailoni usoni, itanata na kuondoka na rangi. Tengeneza pembe za boksi, weka ubao mbele usioigusa, isimame, isilale chini ya magunia ya watu. Vanishi iache kwanza, miezi ipite.

Lile beseni la bluu ulilochukua kuoshea brashi mama yako analiulizia. Usilirudishe, linanuka tapentaini. Nunua jingine pale Tandika. Fundi wa paa alikuja, akanywa chai, akapima, hajarudi, na mawingu yameanza. Taa ya chumbani kwako uliiacha inawaka, luku imekwisha Jumanne badala ya wiki ijayo. Bibi yako sukari imeshuka vizuri, ila amegoma kabisa kula dona.

Mtoto amekwishawatangazia wenzake shuleni kwamba anakwenda Nairobi. Kwa hiyo hata ukinyamaza, mama yake atayapata kwake akipiga simu Jumamosi, na hapo utanikuta mimi ndiye ninayejieleza.

Namba ya zamani ya dada yako haipatikani, mpya anayo mama yako. Piga jioni, mchana yuko kazini.

Baba yako