Mwambie Baba asimuuze yule mwenye mimba

Caen, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Habari za huko? Nisamehe kimya. Ule ujumbe wako wa sauti kwamba Baba anataka kuuza ng'ombe wote wawili niliusikiliza ndani ya basi, nikakosa la kujibu. Jana nimeangalia filamu, leo siwezi kulala bila kukuandikia.

Inaitwa Normandie nue, yaani Normandie uchi, ya mwaka 2018, ameiongoza Philippe Le Guay. Ni ya kuchekesha, na kisa chake ni cha mkoa huuhuu wa Normandie hapa Ufaransa, kijiji cha Le Mêle-sur-Sarthe. Bei imewaangusha wafugaji, wanafunga barabara, hawasikilizwi. Mpiga picha maarufu kutoka Marekani anakwama kwenye foleni, anaona shamba, analipenda papo hapo: anataka wanakijiji wote wasimame pale uchi awapige picha! Meya (François Cluzet), naye ni mfugaji, anaona ndiyo njia ya dunia kuwajua. Basi kazi yake ikawa kubembeleza watu wazima wavue nguo. Mwenye bucha wivu unamtafuna, mkewe aliwahi kuwa mrembo wa wilaya, Miss Calvados. Na lile shamba lenyewe majirani wawili wanagombea ni la nani! Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mwisho sikusimulii.

Ila ile barabara iliyofungwa, shoga, haijanitoka. Yametokea kweli. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliondoa kikomo cha maziwa ambayo kila nchi iliruhusiwa kuzalisha, bei ikawa mbaya, na mwezi wa saba wafugaji wakaziba njia za kuingia hapa Caen kwa matrekta. Mtu na trekta lake, na bado hapati bei!

Nikamwona Baba na keni yake ya maziwa. Ameamka saa kumi, amekamua, ameshuka mlima na ule utelezi, anafika kituo cha kukusanyia maziwa wanachovya kipimo wanamwambia yana maji, arudi nayo. Maji aliyatia nani? Baba anayenusa mashudu kabla hajalipa? Iliniuma siku ile na inaniuma leo.

Ng'ombe wa huku wana mabaka kuzunguka macho, utadhani wamevaa miwani. Nitakutumia picha umwonyeshe, atafurahi.

Sasa nakuomba: mwambie asimuuze yule mwenye mimba. Huyo mwingine sawa, kama ada ya mdogo wako imebana. Nitatuma hela ya pumba na mashudu mwisho wa mwezi, si mkopo. Nimekunywa maziwa ya nyumba ile miaka mingapi?

Hivi lita mnauza shilingi ngapi sasa? Anazaa lini? Yule mnunuzi ameshatoa chochote, au ni maneno tu? Mama anasemaje? Na Mama Shufaa aliacha kupeleka kituo kile, akapeleka wapi? Shikamoo zangu zifike kwa wazee. Nijibu kabla ya siku ya mnada, tafadhali.

Wako,
Zai