Kura ya kula

Kihesa, Iringa

Mwanangu,

Kamwene. Shikamoo yako ya juzi niliipata, marahaba. Huku baridi imeshika kwelikweli, ukungu hauachii mwamba wa Gangilonga mpaka saa nne, nami nashona nikiwa nimejifunga khanga mbili. Baba yako hajambo. Mahindi tumeshavuna, yako darini.

Nimeamua kukuandikia barua nzima kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na kwa simu ungesema "sawa mama" kabla sijafika katikati.

Ni kuhusu ule mchezo wenu wa mafumbo, mnaocheza usiku kwenye kundi lenu la simu. Mwanzoni ulipokuwa ukinieleza nilikasirika, nikawaza bando ninalokutumia linaishia kwenye mafumbo. Kisha ukanifafanulia vizuri: kwa Kiingereza mchezo huo jibu lake ni maneno mawili yenye kina kimoja, na mtegaji hutaja kwanza jina la aina. Akisema hink pink, kila neno lina silabi moja. Hinky pinky, silabi mbili. Hinkety pinkety, tatu. Hapo mwenzake anajua urefu wa jibu. Nyinyi mkaona Kiswahili kina maneno machache mno ya silabi moja, mkaacha kuhesabu, mkashika vina tu. Mlifanya vizuri. Karibu kila neno letu linaishia kwa irabu, na irabu ni tano, kwa hiyo kina hakikosekani. Ugumu uko kwenye kupata maneno mawili yanayolingana mwishoni na bado yakaelewana.

Siku hiyo nilikaa na cherehani yangu nikitunga. Anayechimba viazi vya jirani usiku: mwizi wa mizizi. Mnyama wa nyumbani anayelala jaani: paka wa taka. Lori lililotoka Kilombero likapanda mlima wa Kitonga limeelemewa: gari la sukari. Nilikutumia yote, ukayapeleka kundini, ukaniambia wenzako wamesema mama yako anaweza. Nilifurahi, mwanangu. Usiku ule nilimkumbuka bibi yako kule Kilolo, tukipukuchua mahindi kandokando ya moto. Anasema "Kitendawili!" tunaitika "Tega!" na tukishindwa anadai mji. Mtoto anampa Makambako, anakataa, anasema kuna upepo. Anapewa Mafinga, anakataa. Hatimaye mmoja anampa Dar es Salaam yote, naye anaipokea, anatembea humo kwa maneno, anakula samaki wa feri, anapanda ghorofani, ndipo anatoa jibu. Kumbe lilikuwa yai, nyumba isiyo na mlango. Tulikuwa tunashindwa makusudi ili asafiri.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha chini.

Wiki iliyopita ulinitumia picha ya skrini ili nione mlivyocheka. Rafiki yako, yule binti wa Makete, alitega hivi: "Karatasi ya mwenye njaa siku ya uchaguzi." Mkashindwa wote. Akatuma jibu kwa sauti: kura ya kula. Hapo kundi likalipuka. Mmoja akaandika kwamba ra na la si vina. Mwingine akaandika "lafiki wa kweri." Na wewe mwanangu, nimesoma kwa macho yangu, ukaandika: "Kwani huko kwenu mnapiga kula?" na vicheko sita nyuma yake. Chini kabisa kuna mstari mdogo wa kijivu unaosema ameondoka kundini. Huo hukuutaja.

Kuhusu kanuni, nawapa haki yenu. Mwalimu wa ushairi angewaambia kina ni silabi ile ile, konsonanti na irabu yake. Ra na la hazipokeani. Lakini sikiliza alivyotamka. Mdomoni mwake maneno yale mawili ni neno moja, na ndiyo maana alilipata fumbo ambalo nyinyi wengine msingelipata hata mngekesha. Tena ni fumbo zuri kuliko yote niliyotunga mimi. Karatasi ya kura na sahani ya ugali mikononi mwa mtu mmoja mwenye njaa! Mngetulia kidogo mngeona alichokisema.

Huku kwetu ulimi uliolelewa na Kihehe, Kikinga, Kibena au Kinyakyusa huipokea r na l kama mapacha, anayeitwa huyu anaitika yule. Mwambie aseme gari la sukari, atasema "gali la sukali", na kina kiko palepale, hakijaanguka. Kina kinakaa mdomoni. Muyaka wa Mombasa, aliyetunga zaidi ya miaka 180 iliyopita akijibizana na washairi wenzake, alikuwa na Kimvita chake, lahaja ya huko, na kwa Kimvita macho ni mato. Mshairi wa huko neno hilo analifunga kwa kina cha to. Ukimpeleka kwenye Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake, Kiunguja, lahaja ya Unguja, ulichaguliwa mwaka 1928, kina chake kinavunjika. Nani atamcheka Muyaka?

Kuna jambo sijawahi kukueleza. Nilipokuwa darasa la nne niliinuliwa kusoma, nikasoma "lafiki". Mwalimu akaniambia rudia. Nikarudia, likatoka vilevile. Akanisimamisha mbele, nikalirudia mpaka darasa zima likawa linalisema pamoja nami, wanacheka. Sikunyoosha mkono tena mpaka namaliza la saba. Majibu nilikuwa nayo. Vitendawili vya Kilolo nilikuwa navyo tele, na kipindi cha vitendawili kilipofika niliinamia dawati nikijifanya natafuta penseli, huku wenzangu wakishindwa kutegua vile nilivyokuwa navijua tangu utotoni.

Wewe ulimi wako umenyooka. Unakumbuka ulivyokuwa ukisema "kalibu" ukiwa na miaka mitatu, mimi nakushika kidevu nasema ka-ri-bu? Kila siku mezani, mpaka baba yako akaniomba nikuachie ule. Nilikuwa naogopa usije ukasimamishwa mbele ya watu kama mimi. Nilikupa r ili ikulinde. Kuiona umeichukua ukampiga nayo binti wa watu, iliniuma hadi nikaacha kushona.

Najua huna roho mbaya. Usiku kundini maneno yanakwenda mbio, mmoja akicheka wote wanacheka, na uso wa anayechekwa hauuoni. Kwa bibi yako tulikuwa tunaonana kwa mwanga wa moto. Mtoto akinyong'onyea bibi anaona, anampa yeye zamu ya kutega. Kwenye simu hakuna wa kuona hivyo, labda uamue kuwa wewe.

Kwa hiyo nakuomba, na si kwa ujumbe: nenda chumbani kwake. Mko jengo moja, hatua chache. Umwombe radhi kwa mdomo, usitie "tulikuwa tunatania tu" ndani yake. Ukimaliza, usimwombe arudi kundini siku hiyohiyo. Kaa naye tu. Kama ana chai, kunywa.

Halafu mpe hili langu, yeye kwanza kabla ya kundi. Nimelitunga kwa ajili yake, na nimeangalia mara mbili: hakuna r wala l katika jibu. Jina la Gangilonga kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Nataka jina hilo kwa Kiswahili, maneno mawili yenye kina. La kwanza mnalijua, hata humu nimeliandika. La pili ni la zamani, maana yake ni kusema, washairi wa pwani wanalo mpaka leo.

Mkishindwa, yeye ndiye atakayenipa mji. Akinipa Makete naupokea, hata kwa baridi yake.

Mama yako