Msikunje meza za maji kabla wa mwisho hajapita

Mhariri,

Kila zinapotangazwa mbio ndefu hapa Pwani, mabishano huzuka yale yale barazani na viwanjani: anayemaliza marathoni kwa saa 6, naye ni mkimbiaji? Wenye kasi wengi husema hapana. Kwao huyo ametoka matembezini na nambari kifuani, tena anawacheleweshea watu kufungua barabara. Sisi tunaofundisha mbio ndefu Malindi, wa mbele na wa nyuma pamoja, tunaona jibu hilo linatoka kwa watu wasioijua kazi inayofanyika huko nyuma. Lingekuwa la maneno tu tungeliacha lipite. Lakini waandaaji nao huliamini, kisha maji, wauguzi na magari hupangwa kwa ajili ya watu 20 wa kwanza.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195 kwa kila mtu. Anayeimaliza kwa saa 2 na dakika 10 hutumia dakika 3 na sekunde 5 kwa kilomita. Wa saa 6 hutumia dakika 8 na nusu. Mwili wa anayekimbia huchoma takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito katika kila kilomita, na kasi haibadilishi sana hesabu hiyo. Bingwa wa kilo 55 atachoma kama 2,300. Karani au mama wa duka mwenye kilo 75 atachoma zaidi ya 3,000, ilhali akiba ya wanga iliyo kwenye misuli na ini huishia karibu 2,000. Ndiyo maana baada ya kilomita 30 miguu huwa mizito kama imefungwa mawe. Halafu hesabu hatua: wa mbele hupiga hatua zisizofika 25,000 mpaka mwisho, wa nyuma hupita 50,000. Kila hatua yake ni nyepesi kuliko ya bingwa, ni kweli, lakini goti na unyayo huzihisi zote.

Kisha kuna jua, na hapa ndipo Pwani isipofanana na Eldoret. Mbio zikianza saa 12 asubuhi, mshindi huwa amekwisha kuoga na kunywa chai jua linapoanza kuchoma. Wa saa 6 humaliza saa sita mchana, jua likiwa utosini, juu ya lami inayorudisha joto usoni. Mwenye kasi huzalisha joto jingi zaidi kwa dakika, hilo hatulikatai, ila yeye hulizalisha kukiwa bado na ubaridi wa alfajiri. Mwenzake hupambana na unyevu wa bahari unaozuia jasho kukauka, na jasho lisipokauka halipozi mwili. Kwa hiyo ombi letu la kwanza kwa waandaaji ni dogo: anzeni saa 10 na nusu alfajiri, na kama barabara haina taa, wekeni taa kwenye kona na madaraja. Nusu ya matatizo ya wa nyuma huisha hapo.

Nusu ya pili ni maji. Desturi ni kuweka meza kila kilomita 5. Kwa anayekwenda dakika 3 kwa kilomita, hiyo ni meza kila robo saa. Kwa wa dakika 8 na nusu ni dakika 42 juani bila tone. Meza zile zile, umbali ule ule, lakini mmoja amehudumiwa na mwingine ameachwa. Kuanzia kilomita ya 25 meza ziwe kila kilomita 2 na nusu. Hesabu ni vikombe 2 vya mililita 200 kwa kila mtu katika kila meza, kimoja cha kunywa na kimoja cha kujimwagia kichwani na shingoni. Washiriki 300 ni vikombe 600, yaani lita 120, yaani mitungi 6 ya lita 20. Mitungi 2 kati ya hiyo ifungwe, iandikwe kwamba ni ya wa mwisho, na asiifungue mtu mpaka theluthi mbili ya watu wapite. Kinachoharibu mambo ni chupa za nusu lita: wa mbele huchukua chupa nzima, hupiga mafunda mawili, huitupa, na wa nyuma hukuta chupa tupu barabarani na vijana wa kujitolea wakikunja meza. Tumieni vikombe.

Maji matupu nayo ni hatari, na hatari hii ni ya wa nyuma hasa. Anayekaa barabarani zaidi ya saa 4 hupata nafasi ya kunywa kupita jasho analotoa. Chumvi ya damu hushuka, kichwa huuma, vidole huvimba, mtu huanza kutapika na kuongea ovyo. Katika mbio za Boston za mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 wana upungufu huo wa chumvi. Mtu wa namna hiyo akifikishwa kwenye hema na muuguzi anayedhani ni kiu, akapewa lita nyingine ya maji, anaweza kupoteza maisha. Muuguzi aulize kwanza: umekunywa kiasi gani, umekojoa lini, pete inatoka kidoleni? Kwenye meza za nusu ya pili ya njia kuwe na ndoo ya maji ya chumvi na sukari: kwa kila lita, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Madafu ni mazuri na watu huyapenda, lakini chumvi anayoipoteza mkimbiaji kwa jasho ni kidogo mno ndani yake. Anayetegemea dafu peke yake ale na kitu cha chumvi.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo mwongozo wa bara hautalitaja. Mbio za ufukweni, iwe Shela kule Lamu iwe Malindi, huanzishwa maji yakiwa yamekupwa kabisa ili mchanga uwe mgumu na picha ziwe nzuri. Lakini kutoka maji kupwa mpaka kujaa ni kama saa 6 na dakika 12. Wa mbele atapita juu ya mchanga mgumu kama sakafu. Wa mwisho, kwenye ufuko ule ule, atasukumwa na maji mpaka kwenye mchanga mkavu unaomeza kifundo cha mguu, na siku ya bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida, bahari hupanda zaidi ya mita 3. Hizo si mbio moja tena. Anzeni saa 3 kabla ya maji kukupwa, ili kupwa kuwe katikati ya mbio. Muulizeni mvuvi yeyote, atawatajia siku bila kufungua kitabu. Njia iwe ya kwenda na kurudi, kwa sababu ufuko umeinama, na anayekwenda upande mmoja tu huumia nyonga ya upande mmoja. Lamu pana mtihani zaidi, maana gari la wagonjwa halipiti vichochoroni. Boti iwe tayari na nahodha wake ndani mpaka mtu wa mwisho afike, isiwe imekodishwa kwa wageni kuanzia saa 4.

Tukiwadai wenye kasi, tuwadai na wa nyuma, kwa kuwa malalamiko mengine dhidi yao ni ya haki. Usisimame mstari wa mbele kama huwezi kwenda kasi ya mstari wa mbele. Mtu anayekimbilia riziki akikugonga mgongoni mtaanguka wawili. Msitembee wanne sambamba mkipiga soga. Ukitaka kutembea, inua mkono, sogea ukingo wa kushoto, ndipo upunguze. Kwenye kituo cha maji chenye meza kadhaa, pita ya kwanza, chukua kwenye ya mwisho. Na ujiandae: wiki 16 mpaka 18, siku 4 kwa wiki, mbio ndefu zaidi iwe ya saa 3 na nusu, hata kama hazikufikishi kilomita 30. Anayejitokeza bila hayo hajaudharau mchezo tu, amejihatarisha.

Kutembea kwa mpango si aibu. Kukimbia dakika 4 na kutembea 1, tangu kilomita ya kwanza kabla hujachoka, ni mbinu iliyoenezwa na Mmarekani Jeff Galloway, aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich 1972. Si mbinu ya mvivu.

Wapo watakaosema lazima kuwe na mpaka. Uwepo. Chicago hufunga baada ya saa 6 na nusu, Tokyo baada ya saa 7. Boston huwataka wengi wa wakimbiaji wake wafuzu kwanza kwa muda. Waandaaji wa hapa wanaweza kuchagua lolote katika hayo, mradi walitangaze kabla ya kupokea ada. Kwa saa 6 na nusu, mkimbiaji awe amefika nusu ya njia ndani ya saa 3 na dakika 10, na kilomita 32 ndani ya saa 4 na dakika 50; akichelewa apandishwe gari kwa adabu, ajue sababu. Tunachokikataa ni kupokea pesa za mtu, kumwahidi saa 6 na nusu, kisha kuzima saa ikifika 5.

Wenye kasi hupenda kumtaja John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyemaliza wa mwisho, wa 57, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City 1968 akiwa na goti lililofungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Wanamtaja kwa machozi, na wanafanya vizuri. Basi wakumbuke pia kwamba alipoingia uwanjani alikuta mstari wa kumalizia bado upo, na watu bado wamekaa.

Mbio zijazo, mkeka wa kupima muda ubaki chini mpaka gari la nyuma liufikie. Muuguzi mmoja na mitungi 2 vibaki kando yake.

Wakufunzi wa mbio ndefu,
Malindi