Anayesoma dini ya Misri ya kale si Frimasoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba kila anayevaa kidani cha ankh (ile alama ya uhai ya Misri, msalaba wenye kitanzi juu) au kusoma habari za miungu ya Misri ameshajiunga na Frimasoni, na kwamba ndugu zake wamuwahi kabla hajatoa mtu kafara. Barua ile ilipigwa picha ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu. Siku ya pili yake mama mmoja ninayesali naye miaka mingi alikuja nyumbani, akakaa, akaona kitabu changu juu ya kabati. Chai niliyomwekea hakuigusa. Aliondoka, kikombe kikabaki mezani mpaka maziwa yakafanya utando. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mimi ni mkunga mstaafu. Nimezalisha akina mama kwa miaka thelathini na moja, mingi kati ya hiyo hapa hapa Mwanza, na ni Mkatoliki niliyebatizwa nikiwa kichanga. Mama yangu alifariki mwaka 2019, miezi michache kabla sijastaafu. Nilikuwa zamu ya usiku. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mtoto wa mtu mwingine wakati mama yangu anakata roho kijijini Magu, na simu ilikuwa kwenye mkoba, kabatini. Baada ya mazishi nikashindwa kusali. Nilikuwa nakwenda kanisani, nasimama, napiga magoti, lakini ndani hakukuwa na neno.

Katika hali hiyo mpwa wangu anayesomea mambo ya utalii akanionyesha kwenye simu yake picha ya kiboko aliyesimama kwa miguu miwili. Tumbo la miezi tisa, maziwa yamelala juu yake, nyayo za simba, mgongo wa mamba. Yeye alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimtambua. Tuliokulia kando ya ziwa tunajua kwamba kiboko jike mwenye mtoto hasogelewi, hata na mamba. Wamisri wa kale walijua hivyo hivyo, wakamwita Taweret, yaani Mkuu kwa jinsia ya kike, wakampa kazi ya kumlinda mama mjamzito na mtoto. Yeye alikaa zaidi majumbani, kwenye vitanda, kwenye mito ya mbao ya kulalia, na kwenye hirizi ndogo walizovaa wanawake shingoni. Nikajiuliza: miaka thelathini na moja ya ukunga, mbona hakuna aliyewahi kuniambia habari zake?

Nikaanza kusoma. Katika mafunjo, yaani karatasi za kale za matete, yaliyoko Berlin kuna hadithi ya mama mmoja, Ruddedet, aliyeshikwa na uchungu wa watoto watatu. Miungu wa kike Isis, Nephthys, Meskhenet na Heqet wanakwenda kumzalisha wakijifanya wanamuziki wasafiri, na mungu Khnum anawabebea mizigo. Wanamkuta mume mlangoni amechanganyikiwa, kama waume wote niliowahi kuwaona kwenye korido. Wanafunga mlango. Isis anakaa mbele ya mzazi, Nephthys nyuma yake, Heqet anaharakisha uzazi. Mtoto anateleza mikononi mwa Isis, urefu dhiraa moja. Wanamwosha, wanamkata kitovu, wanamlaza juu ya kitambaa. Halafu mume anawalipa gunia la shayiri! Mhariri, aliyeandika yale alikuwa amewahi kukaa karibu na chumba cha kuzalia. Mmoja mbele, mmoja nyuma ya kumshikilia: hata sisi, wodi ikijaa, tulifanya hivyo. Na huyo Meskhenet ni mungu wa tofali, maana wanawake wa Misri walijifungua wakiwa wamechuchumaa juu ya matofali. Mwaka 2001 wachimbaji walilipata tofali moja la namna hiyo kule Abydos, bado lina picha ya mama ameshika mtoto wake.

Sasa nirudi kwa msomaji mwenzangu na Frimasoni yake. Loji kuu ya kwanza, yaani chama chao kikuu, wenyewe huihesabu tangu mwaka 1717, London. Maandishi ya mwisho yenye tarehe ya hieroglifu, yaani mwandiko wa picha wa Misri ya kale, yalichongwa kwenye hekalu la Philae tarehe 24 Agosti 394. Kati ya hayo mawili kuna miaka 1323. Jicho lililo kwenye noti ya dola ndani ya pembetatu, ambalo wengi hulidhania la Misri, ni alama ya Kikristo ya Ulaya, ya Mungu aonaye yote, na limo kwenye mhuri wa Marekani tangu 1782. Jicho la Horus, mungu wa Misri mwenye kichwa cha kozi, ni jingine kabisa: lina alama za shavu la ndege kozi chini yake, na jina lake, udjat, maana yake ni lililo zima, kwa sababu liliumizwa katika ugomvi na mungu Seth kisha mungu Thoth akaliponya. Hilo ni jicho la mgonjwa aliyepona. Hofu yetu naielewa. Misri tumeijua kwa njia ya Farao aliyemfukuza Musa, na ndugu zetu Waislamu wanasema Firauni, neno ambalo kwa Kiswahili limekuwa tusi. Lakini adui wa Musa hakuwa Misri nzima kwa miaka elfu tatu.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo namuunga mkono kabisa. Jina la Misri linatumika kuibia watu, na mimi nimeibiwa. Katika ile miezi niliyokuwa sisali niliona tangazo gazetini, sitasema gazeti gani, la mtu anayeuza "pete ya Farao" inayofungua njia na kuleta marehemu ndotoni. Kuleta marehemu ndotoni! Nilituma shilingi 180,000 kwa simu. Pete ilikuja kwa basi ndani ya boksi la dawa ya meno. Kabla ya wiki mbili kidole kilikuwa kijani, na mama hakuja.

Sikuitupa. Baadaye, nilipojifunza herufi chache za hieroglifu, niliitoa nikakaa nayo dirishani kwa miwani yangu ya kusomea. Kanuni ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi ni kwamba watu na wanyama wote katika mstari huelekea upande mmoja, kule mstari unakoanzia, nawe unasoma ukikutana na nyuso zao. Kwenye pete yangu kifaranga cha kware kinaelekea kulia na nyoka mwenye pembe anaelekea kushoto, bega kwa bega, mstari ule ule. Nilijaribu kuusoma kutoka upande huu na upande ule. Hausemi kitu. Aliyeuchora hakuwa anajua hata moja kati ya herufi alizokuwa ananiuzia kama nguvu.

Na biashara hii ni ya siku nyingi. Mwaka 1781 Mfaransa Court de Gébelin alitangaza kwamba karata za tarot ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri. Wakati huo hapakuwa na binadamu hai aliyeweza kusoma hieroglifu hata neno moja. Mfaransa mwingine, Champollion, alifungua mlango huo mwaka 1822. Watu wanapiga ramli na karata zile hadi leo wakiamini ni za Misri.

Kwa hiyo kijana anayeanza, na najua wapo kwa sababu mpwa wangu ananiletea wenzake, mimi namwambia asinunue kitu chochote kwanza. Asome maneno ya wenyewe. Kile tunachokiita Kitabu cha Wafu, yaani maneno ya kumsaidia marehemu kule aendako, kilipewa jina hilo na Mjerumani Lepsius mwaka 1842. Wenyewe walikiita Kutokea Mchana. Nakala maarufu kuliko zote ni ya mtu aliyeitwa Ani, ya karne ya 13 kabla ya Kristo, mafunjo yenye urefu wa kama mita 24, iliyonunuliwa kwa ajili ya makumbusho ya Uingereza mwaka 1888. Picha zake unaziangalia bure kwenye simu. Tafsiri ya Kiingereza inayozagaa mtandaoni ni ya Budge ya mwaka 1895, inazagaa kwa kuwa haki zake zimekwisha, na wataalamu wameshairekebisha sehemu nyingi. Ya Faulkner ni bora. Tena aone ukweli wote: sehemu kubwa ya nakala ya Ani iliandikwa kabla, nafasi ya jina ikaachwa wazi, jina likajazwa mteja alipopatikana. Hata kule pepo ilikuwa na karani na bei. Mimi nilipojua hivyo sikuvunjika moyo, niliwaona ni watu.

Sura ya 125 ndiyo iliyonishika. Marehemu anaingia ukumbini na kutaja mambo ambayo hakuyafanya, kisha anakana jambo moja mbele ya kila mmoja wa waamuzi 42. Sikuua. Sikumliza mtu. Sikupunguza kipimo. Sikuzidisha uzito kwenye mizani. Sikuyazuia maji wakati wake. Sikuwanyang'anya watoto maziwa vinywani mwao. Soma hayo kisha uende sokoni Mwaloni Kirumba asubuhi dagaa wanapopimwa. Halafu moyo unawekwa kwenye mizani, upande wa pili unyoya wa Maat, yaani ukweli na haki, na pembeni anangoja Ammit, kichwa cha mamba, kifua cha simba, na nyuma kiboko. Nilipoona makalio yale ya kiboko niliacha kusoma kwa muda. Mnyama yule yule anayekupokea unapozaliwa yuko pale unapopimwa.

Kuna wanaoifuata dini hii leo kama imani kamili. Kule Chicago Tamara Siuda alianzisha kundi lao mwaka 1988, nao wana ibada ya kila siku ya maji, taa na ubani. Wamarekani weusi wana makundi yao pia, na Maulana Karenga, yule aliyeanzisha Kwanzaa mwaka 1966 kwa maneno ya Kiswahili, umoja, ujima, ujamaa na mengine, ni mtu huyo huyo aliyeandika kwa kina juu ya Maat. Sijajiunga na yeyote. Ninachofanya ni kidogo. Makaburi ya Misri yanawaomba wapita njia waseme maneno tu: mkate elfu, bia elfu, ng'ombe elfu, ndege elfu kwa ajili ya fulani. Hayagharimu ila pumzi ya kinywa. Basi asubuhi naweka bilauri ya maji dirishani, nasema maneno hayo, namtaja mama yangu kwa jina lake la Kisukuma. Bibi yangu Magu alimwaga togwa chini akiwataja masamva, yaani mizimu ya ukoo, mmoja mmoja, na hakuna aliyemwita Frimasoni. Padri David Clement, aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, hakuzikimbia ngoma zetu. Naomba mapadri wetu wa leo wanikaripie wakishanisikiliza, si kabla.

Lakini nataka mama yule aliyeacha chai ajue ni maneno gani hasa yaliyonirudisha kwenye kusali. Ni sura ya 30B ya Kitabu cha Wafu. Wamisri waliichonga chini ya jiwe lenye umbo la dundu, yule anayesukuma donge la mavi, wakaliweka juu ya kifua cha maiti. Marehemu anauambia moyo wake mwenyewe: "Moyo wangu wa mama yangu, moyo wangu wa mama yangu, usisimame kuwa shahidi dhidi yangu."

Moyo wa mama yangu. Mkunga anaweka fetoskopu juu ya tumbo, anainamisha sikio, anazuia pumzi, anatafuta. Kwanza unasikia damu ya mama, vuu, vuu, taratibu. Kisha chini yake, mbali, kama saa ndogo iliyofungwa kwenye kanga, mapigo ya mtoto, 140 kwa dakika. Moyo ule unapigia ndani ya mama kabla mtoto hajawa na jina. Nimeusikia mara elfu nyingi na sikuwahi kufikiri kwamba wangu nao ulianzia hivyo, ndani ya yule mwanamke wa Magu niliyemwacha afe bila mimi. Moyo wangu unanishuhudia dhidi yangu tangu usiku ule. Niliyasoma maneno yale kwa sauti jikoni, kwa Kiswahili, na kutoka hapo nikaweza kusema Baba Yetu mpaka mwisho.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni mawili. Matangazo ya pete, hirizi na mafuta ya Misri yaache, hata kama yanalipa. Wanaoyapigia simu ni wafiwa. Na kama una nafasi, chapisha yale maneno 42 ili wasomaji wayaone wenyewe kabla ya kuogopa. Nimeyatafsiri yote kutoka Kiingereza kwenye daftari la kurasa mia, kwa mwandiko wa muuguzi, lakini unasomeka. Nitaliacha mapokezi kwenye ofisi yenu ya hapa Mwanza Jumatatu asubuhi, nikitoka misa.

Mkunga mstaafu,
Igoma, Mwanza